Ndoo Nane na Kipande cha Figili

KITUO CHA POLISI, MTAA WA BEIQIAO, CHIAYI
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Malalamiko ya kuharibiwa mali (samaki watano wa kufugwa)
Jina la shahidi: Chien Pei-rong
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 26
Kazi: Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, usafishaji wa majitaka
Makazi: Bweni la chuo, Tainan. Nyumbani ni kwa babu yangu, Barabara ya Wufu, Chiayi
Uhusiano na mlalamikaji: Ni baba yangu mkubwa
Tarehe na saa: 15 Februari 2024, saa 3:20 asubuhi
Mwandikaji: Sajini Lai Chih-yuan

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa. Sajini Lai amenionya kwamba maelezo ya uongo ni kosa, nami nimeelewa.

Naanza na tanki la samaki, kwa sababu asiyelielewa tanki hawezi kuzielewa ndoo.

Tanki liko sebuleni kwa babu, mkabala na kitanda chake. Lina urefu wa sentimita 120. Ndani yake waliishi samaki wanane wa aina tunayoiita kasuku wekundu, wale wa mviringo ambao midomo yao haifungi vizuri. Babu yangu, Chien Ching-hsiang, miaka 81, aliwanunua miaka kumi na moja iliyopita wakiwa na ukubwa wa kidole gumba. Juu ya tanki kuna sanduku la kichujio. Pampu inavuta maji kutoka chini, inayamwaga juu ya sanduku, nayo yanashuka kupitia tabaka nne na kurudi kwa samaki. Kuanzia juu, tabaka hizo zilikuwa: pamba nyeupe, sponji nyeusi, vipande vya matumbawe, na chini kabisa vipete vya kauri, vidogo kama kifundo cha kidole, vyenye matundu.

Mpangilio huo ni wa babu. Mimi naye tulibishana juu yake kwa miaka miwili. Nilimwambia vitabu vinataka sponji ianze, ishike uchafu mkubwa, ndipo pamba ifuate. Alinijibu, "Vitabu vina mikono? Pamba inachafuka kila wiki. Nataka niifikie bila kuwaamsha wapangaji wa chini."

Nikiulizwa na Sajini wapangaji ni nani, najibu kwamba ni bakteria. Wanakaa ndani ya matundu ya vipete. Samaki akila anatoa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Bakteria hao wanaila na kuigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Babu alizoea kusema, "Hawalipi kodi, lakini wanafagia." Vipete vikijaa tope alivisuuza mara moja au mbili ndani ya beseni la maji ya tanki lenyewe, si maji ya bomba. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, na bakteria hao ni vijidudu.

Mwezi Oktoba mwaka jana babu alipata kiharusi. Hatembei. Hasemi, isipokuwa maneno mawili matatu siku akiwa na nguvu. Anatumia mkono wa kushoto. Tangu Novemba anatunzwa na dada Sulastri, miaka 33, kutoka Tulungagung, Indonesia. Sisi tunamwita Tri. Kwao wanafuga samaki wa mapambo mabwawani.

Mwezi Desemba, tarehe siikumbuki, bibi yangu, Hsu Chin-lien, miaka 78, alinipigia simu. Alikuwa amefungua sanduku la kichujio kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliuliza habari ya mfuko wa makaa ambao babu aliutumbukiza ufyonze mabaki ya dawa baada ya kuwatibu samaki. Nilimwambia makaa yakishazeeka yanatupwa. Akauliza, "Na hivi vipete? Vina matope, vinanuka." Nilikuwa mlangoni mwa maabara, nimeshika funguo. Nilimwambia, "Vikichafuka sana visuuze tu." Sikumwambia avisuuze kwa maji gani. Naomba sentensi hiyo iandikwe kama nilivyoisema.

Mnamo tarehe 9 Februari 2024, usiku wa kuamkia mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, nilikuwa nyumbani kwa chakula cha familia. Mimi, babu, bibi, Tri, na baba mkubwa, Chien Wen-tung, tulikula mezani pamoja. Tri alimlisha babu samaki wa mvuke bila mwiba hata mmoja. Kabla ya kula nilisimama mbele ya tanki. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba samaki walionekana wananing'inia hewani. Kwenye sanduku, juu kabisa, palikuwa na vipete vyeupe pee, vimepangwa kwa mistari kama meno. Nilisema, "Bibi, vimependeza." Bibi alifurahi.

Nasoma bakteria kwa mwaka wa tatu sasa. Niliviona vile vipete vyeupe na nilijua weupe wa namna ile maana yake nini, ila akili yangu ilikuwa Tainan. Pale chuoni nina mtungi wa bakteria wa majaribio ambao wanalishwa kila baada ya saa kumi na mbili, na nilikuwa nahofia watakufa sikukuu. Tarehe 10, saa nane mchana, niliondoka kwenda kuwalisha.

Yaliyotokea kati ya tarehe 10 na 13 sikuyaona. Niliyajua tarehe 14 kwa njia nitakayoeleza.

Tarehe 14 Februari, siku ya tano ya mwaka mpya, nilifika nyumbani saa nne asubuhi. Nikiwa getini nilisikia sauti ya baba mkubwa kutoka kibaraza cha nyuma, mahali pa kufulia. Siku ya tano ndiyo tunayotoa taka zote zilizokaa ndani tangu mwaka uanze. Alikuwa amekwenda kuchukua taka, akakuta ndoo nane kuukuu za rangi ya kuta, zenye vifuniko, zimefunikwa kwa turubai. Alifungua moja. Ilikuwa na maji yenye harufu.

Alikuwa akimwambia Tri, "Wewe ulikuwa unachanganya nini humu? Nilikunyima ruhusa ya kwenda kwa rafiki zako, ukaamua kulipiza kwa samaki?"

Tri alisema, "Hapana, Bosi."

"Watano! Baba haongei, hatembei, amebakiwa na samaki tu wa kuwaangalia. Na hao pia unamchukulia?"

Baba mkubwa alikuwa akilia. Nasema hivyo kwa sababu kwenye malalamiko yake ataonekana mtu wa hasira, na hasira peke yake si picha kamili.

Saa tano kamili askari wawili walifika. Waliandika malalamiko, wakapiga picha ndoo na tanki, wakamwambia Tri afike kituoni leo saa nane mchana. Baba mkubwa alisaini, akaenda kwake. Niliomba ndoo zisimwagwe. Askari mmoja aliniuliza, "Za nini, dada? Mbona zinanuka?" Nilimwambia nataka kujua zinanuka kwa nini. Alicheka, lakini aliziacha.

Nilibaki kibarazani na Tri. Sikuwa nimemwamini wala sikuwa nimemtuhumu. Nilitaka kujua. Kila ndoo ilikuwa na kipande cha utepe wa karatasi wa kunata, na juu yake tarehe kwa kalamu ya bluu. Mbili za tarehe 11, mbili za 12, mbili za 13, mbili za 14.

Nikamuuliza, "Dada Tri, maji haya ni ya nini?"

"Ya samaki. Nimeyatoa kwenye tanki kila alfajiri, kabla Bosi hajaja. Samaki walikuwa wanapumulia juu, midomo nje. Kwetu wakifanya hivyo tunatoa maji, tunaweka mengine."

"Ulimwambia mtu?"

"Siku ya kwanza jioni nilichukua ndoo na mpira. Bosi alinikuta. Aliniambia, mwaka una siku moja tu na wewe unataka kumwaga baraka zetu mtaroni? Maji hayatoki nyumba hii mpaka siku ya tano."

"Sasa mbona uliyatoa?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Hayakutoka. Si haya hapa?"

Nikiulizwa na Sajini kama desturi hiyo ni ya kweli nyumbani kwetu, najibu ndiyo. Siku za kwanza za mwaka hatufagii kuelekea nje, hatutupi taka, hatumwagi maji ya ndani. Siidharau. Nimelelewa nayo. Tri aliifuata kuliko sisi sote, maana kila tone lililotoka kwenye tanki lilibaki chini ya paa letu, limefunikwa, lina tarehe. Maji aliyorudishia aliyakinga bombani usiku, akayaacha wazi kwenye beseni hadi alfajiri ili dawa ipungue, kama babu alivyomwelekeza kwa mkono wa kushoto.

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia simu mimi. Alisema alimwomba bibi anipigie, bibi akamwambia, "Acha. Mwaka mpya, usimpe mtoto habari mbaya." Nilimuuliza kama anajua samaki walianza kuumwa kwa sababu gani. Alitazama dirisha la jikoni, kisha akaanza kukunja turubai.

Saa sita mchana nilileta kisanduku cha babu cha kupimia maji. Unatia maji kwenye kichupa, unadondosha matone, unasubiri dakika tano, unalinganisha rangi na kadi. Njano maana yake hakuna amonia. Kijani maana yake ipo, na kadiri inavyokoza ndivyo hatari inavyozidi. Nilipima maji ya bomba: njano. Ndoo za tarehe 11: kijani. Za 12: kijani kilichokoza. Za 13: kijani cha chupa. Za 14: kama za 13, labda hafifu kidogo. Nilivipanga vichupa kando ya ukuta kwa tarehe. Tri alichuchumaa kando yangu akavitazama kimoja kimoja.

Akasema, "Kwa hiyo ndoo mbili kwa siku hazikutosha."

Nikasema, "Zimewaokoa watatu."

Sumu iliyomiminwa siku moja ingekuwa kali siku hiyo, kisha ikapungua kadiri maji yanavyobadilishwa. Hii ilipanda siku baada ya siku ingawa maji yalikuwa yakibadilishwa. Kitu kilikuwa kinaizalisha, ambacho ni samaki wenyewe, na kitu kilichopaswa kuila hakikuwepo.

Saa saba mchana nilizima pampu nikafungua sanduku. Tabaka zilikuwa zimegeuzwa. Vipete juu, chini yake matumbawe, kisha sponji, na pamba chini kabisa ambako mkono haufiki. Kila kitu kilikuwa safi kuliko kilivyotoka dukani. Nilichukua kipete kimoja nikakinusa. Kipete kilicho hai kinanukia udongo baada ya mvua. Hiki hakikunukia kitu. Nilivimimina kwenye sinia nikaanza kuvichambua kimoja kimoja, bila kujua natafuta nini. Katikati yao nilipata kipande chembamba cha kahawia, kimevimba kwa maji. Nilidhani ni mzizi. Nilikibonyeza. Kilikuwa figili.

Nyumbani kwetu figili hukatwa vipande vyembamba, zikatiwa chumvi na kuanikwa juani kwenye ungo mmoja, juu ya paa. Ungo ni wa bibi. Hakuna mwingine anayeugusa.

Nilibaki nimekaa sakafuni. Babu alikuwa kitandani, macho yako kwangu. Nilifumba kiganja.

Saa nane na nusu nilikwenda duka la samaki la mzee Kuo, kwenye kona. Nilimwomba vipete vichafu kutoka kwenye matanki yake, vichafu kabisa, na visisuuzwe. Alisema, "Mwaka mpya watu wanaomba dhahabu, wewe unaniomba matope!" Alinijazia mfuko na maji yake. Aliponiuliza habari za babu nilitazama mfuko, naye akaniongezea vipete vingine.

Saa tisa na nusu nilipanga kichujio upya mbele ya babu. Tri alimwinua akamwegemeza kwenye mito. Niliweka vipete vya mzee Kuo chini, tope na yote. Babu aligonga ukingo wa kitanda mara moja. Kwake mara moja ni sawa, mara mbili ni kosa. Nikaweka matumbawe. Mara moja. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa ubishi wa zamani, nilishika pamba kabla ya sponji, kama vitabu vinavyotaka. Mara mbili, kwa nguvu.

Tri akacheka. "Babu anakukaripia."

Nikaweka sponji. Mara moja. Pamba juu. Mara moja. Niliwasha pampu, na samaki watatu waliobaki wakasogea kwenye maji yanayodondoka.

Babu alinyoosha mkono kwenye sinia akachukua kipete kimoja cheupe. Alikisugua kwa kidole gumba. Akaangalia upande wa jikoni, ambako bibi alikuwa akikata kabichi, halafu akakiingiza chini ya blanketi. Nadhani alikuwa anajua. Huo ni mtazamo wangu, si ushahidi.

Saa kumi jioni nilimpigia baba mkubwa. Nilimweleza rangi za vichupa. Alisema, "Waambie polisi. Mimi nimeshasaini." Saa kumi na moja alikuja wakala aliyemleta Tri nchini, amchukue akalale kwenye bweni lao mpaka shauri liishe. Nilimwonyesha vichupa. Alisema, "Dada, mimi siangalii rangi, naangalia karatasi. Shauri likifunguliwa mkataba umekufa, wiki ijayo yuko kwao." Tri alimwekea babu dawa za jioni kwenye kikombe, akamwonyesha bibi ni ngapi, akachukua begi lake. Jioni hiyo mimi na bibi tulijaribu kumgeuza babu ubavu. Tulimuumiza.

Saa moja usiku nilimkuta bibi jikoni. Niliweka kipande cha figili mezani. "Bibi, hiki kimetoka kwenye kichujio."

Alikichukua, akakinusa. "Cha mwaka huu," alisema. "Kilizidi chumvi."

Maji ya birika yalichemka na akayaacha yachemke.

"Sema taratibu," alisema. "Babu yako anasikia."

Alinieleza kwa sauti ya chini. Tarehe 7 Februari, siku ya usafi mkubwa wa mwisho wa mwaka, alitoa kila kitu kwenye sanduku. Alivisugua vipete kwa mswaki, akavisuuza kwa maji ya moto ya bomba mara saba, akavianika kwenye ungo siku mbili. Tri alimwambia, "Bibi, si kwa maji ya bomba," naye akamjibu, "Wewe ndiye utakayenifundisha usafi nyumbani kwangu?" Alivirudisha tarehe 9 asubuhi. Aliviweka juu kwa sababu vilikuwa vyeupe na wageni wangeviona.

"Kila mwaka anafanya yeye," bibi alisema. "Nilitaka aone nyumba haijalala kwa sababu yeye amelala."

Nilimwambia kosa si lake peke yake, ni la simu yangu ya Desemba. Alisema, "Uliniambia nisuuze, nikasuuza." Hakusema kwa lawama. Nilimwambia kesho naenda polisi, na kwamba nitalitaja jina lake, kwa sababu nikiliacha, Tri atarudishwa kwao kwa kosa la kuwahurumia samaki wetu. Alinipa mgongo, akazima jiko. "Kesho siku ya sita," alisema. "Ofisi zinafunguliwa. Nenda tu." Sijui alimaanisha ameridhia au amenichoka. Asubuhi hii sikumkuta jikoni, na ungo haukuwa ukutani.

Nikiulizwa na Sajini kama kuna mtu ninayetaka ashtakiwe, najibu hapana. Bibi hakukusudia. Baba mkubwa alilinda mwaka wa baba yake kwa jinsi anavyojua. Mimi nilisema nusu ya sentensi, na baadaye nikaona weupe nikausifu. Tri peke yake ndiye aliyefanya jambo sahihi, na ndiye pekee mwenye shauri. Naomba jambo hilo lisahihishwe kabla ya saa nane mchana, muda alioambiwa afike hapa.

Nimekabidhi: picha za vichupa pamoja na kadi ya rangi, kichupa kimoja cha maji kutoka kila ndoo, vipimwe na mtu asiye wa familia yetu, na kipande cha figili ndani ya mfuko wa plastiki. Ndoo zenyewe ziko nyumbani. Hazijamwagwa.

Niliyoyaona nimeyaeleza kama niliyoyaona, na niliyoambiwa kama niliyoambiwa. Nimesomewa yote, nimerekebisha mahali pamoja (nilikuwa nimesema "ajali", nikaomba neno hilo lifutwe), nami naweka sahihi bila kushurutishwa.

(Sahihi) Chien Pei-rong
15 Februari 2024, saa 4:50 asubuhi

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Vielelezo vitatu vimepokelewa. Shahidi alipokuwa akitia sahihi, mwanamke mzee aliingia kituoni kwa miguu akiwa amebeba ungo wa mianzi, na ndani yake vipete vyeupe. Amejitambulisha kuwa ni Hsu Chin-lien. Ameomba maelezo yake yaandikwe, na akataka yaandikwe leo, si kesho. Nimempa kiti. Kabla sijamuuliza jina la baba yake, ameniuliza yeye kwanza kama Tri amekula. Nimempigia simu wakala. Naanza kumwandika.

(Sahihi) Sajini Lai Chih-yuan
saa 5:05 asubuhi